Aliyebaki Nyuma



Saba Saba ya mwaka 1974, TANU ilipotimiza miaka 20, tuliandamana kwa baiskeli hapa Manundu, ndugu na marafiki, spoku zimepambwa kwa karatasi za rangi. Kengele zililia mno! Tulipofika uwanjani ndipo mama alipouliza, “Mdogo wenu yuko wapi?” Kila mmoja alidhani yuko na mwenzake. Tuliporudi tulimkuta kando ya njia, mnyororo umekatika, analia. Hakulilia mnyororo; alilia kwa kuwa sote tulimpita.

Yusufu na Mariamu nao walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Mtoto Yesu yumo msafarani (Luka 2:44).

Yule mzee wetu ambaye hajaonekana kanisani tangu Kwaresima, ni nani amekwenda kumtazama? Sisi wenyewe bado hatujaenda.