Nsya Si Mwizi

Katika lugha yetu kuna maneno yanayotangulia mbele ya ushahidi. "Mwizi" ni mojawapo. Simama pale stendi ya Makambako, mahali ambapo safari za Songea, Mbeya na Dar es Salaam hupishana, halafu mtu mmoja apige kelele "mwizi!" Nani atauliza kaiba nini, kwa nani, lini? Mawe huokotwa kwanza. Maswali hufuata baadaye, na mara nyingi hayafiki kabisa. Leo nataka tulitazame neno hilo likiwa limehamia shambani, huko Mahongole, ambako mwizi anayesemwa ana miguu minne.

Nsya ni mnyama wa jamii ya swala, tena mdogo. Kimo chake ni kama goti la mtu mzima au kupita kidogo, na uzito wake mara nyingi ni kati ya kilo 12 na 20. Hana makundi. Hutembea peke yake au wawili wawili, na penye watu wengi hujificha vichakani mchana akatoka usiku. Chakula chake ni majani, machipukizi na matunda. Sasa fikiria mwezi wa Julai huku kwetu. Mvua zilishakatika, baridi inakata masikio, nyasi zimekauka, mahindi yamevunwa yamebaki mabua. Kijani kimebaki bondeni tu, kwenye vinyungu, yale mashamba madogo ya matuta ambayo watu wa Njombe na Iringa hulima penye unyevu wakati wa kiangazi. Huko kuna maharage mabichi, mboga, mahindi machanga. Nsya afanye nini? Anafuata kijani.

Na ni Julai hiyohiyo, tarehe 1, ambapo msimu wa uwindaji hufunguliwa kisheria nchini. Yaani mwezi ambao njaa inamleta mnyama karibu na mlango wetu ndio mwezi ambao binadamu anaruhusiwa kumlenga.

Mjomba wangu ana kinyungu Mahongole. Nilipokwenda kumsalimu kiangazi kimoja nilimkuta amechuchumaa ukingoni mwa shamba, anafunga waya wa breki za baiskeli kwenye mti mchanga.

"Kamwene, mjomba. Unatega nini?"

"Mwizi, mpwa wangu. Kanimalizia matuta manne."

"Lakini mjomba, yeye anajua mpaka wa shamba?"

Akacheka. "Wewe ukiamka usiku ukamkuta mtu anakula maharage yako, utamuuliza kama anajua mpaka?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sitaki kumdhihaki mzee wangu kwa kuwa tu mimi naandika naye hayupo hapa kujitetea. Madai yake ni ya haki. Matuta manne ni ada ya mtoto, ni chumvi na sabuni ya miezi. Tena hana pa kushtaki. Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kile kinachoitwa kifuta jasho na kifuta machozi, zilizoweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari iliyoharibiwa. Lakini hizo ni kwa ajili ya madhara ya wanyama hatari: tembo, kiboko, nyati na wenzao. Mnyama wa kimo cha goti hayumo. Jasho la mjomba halifutwi na mtu.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inamwambia nini? Kuwinda ni kwa leseni. Tanzi, mashimo, sumu na kuwinda usiku kwa taa ni marufuku. Ukimuua mnyama kwa kutetea uhai au mali yako, toa taarifa, na mnyama aliyekufa ni mali ya serikali. Nilipomweleza hayo mjomba alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Kwa hiyo akila maharage ni wa porini, akifa ni wa serikali. Na mimi ni wa nani?" Kauli hiyo ina historia ndefu nyuma yake. Tangu mwaka 1896, gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipotoa amri ya kudhibiti uwindaji katika koloni hili, mkulima amekuwa akiambiwa kwamba mnyama anayelala kichakani kwake ana mwenyewe mahali pengine.

Basi je, mjomba amtege? Hapa ndipo nataka tuwe waangalifu, maana maswali mawili yamechanganyika. Kuua mnyama kwa ajili ya nyama ni jambo moja. Kumuua kwa sababu ana hatia ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 1386, katika mji wa Falaise huko Ufaransa, nguruwe jike alishitakiwa kwa kumuua mtoto mchanga, akahukumiwa na kunyongwa hadharani. Tunacheka, siyo? Kumshitaki nguruwe! Lakini wale angalau walimfikisha mahakamani. Sisi tunamwita nsya mwizi na kumhukumu palepale bila kikao, halafu tunajiona ni watu wa kisasa. Wizi unahitaji mtu anayejua hiki changu, hiki chako. Nsya hajui hivyo. Kwake maharage ya mjomba ni majani yaliyobahatika kuwa mabichi.

Utaniuliza, jina lina kazi gani? Mnyama atakufa tu, aitwe mwizi au aitwe kitoweo. Mimi nasema jina lina kazi kubwa. Anayeua kwa ajili ya chakula ana kipimo: tumbo lake na la watoto wake. Alfajiri anaamka kukagua mtego, maana nyama ikikaa itaoza au fisi watamtangulia. Akishapata, anatosheka. Anayeadhibu hana kipimo hicho. Mwizi haishi, kila siku yupo mwingine, kwa hiyo waya unabaki pale usiku na mchana, na hakuna haraka ya kwenda kuukagua, kwa kuwa mwizi akiteseka si vibaya, si ndiyo adhabu yenyewe?

Siku ya tatu tulikwenda pamoja. Alikuwa jike. Waya ulikuwa umekata mguu wa mbele mpaka mfupa ukaonekana, na udongo kumzunguka ulikuwa umechimbika kama uwanja wa ngoma. Alikuwa bado hai. Chuchu zilikuwa zimejaa maziwa. Mjomba alimmaliza kwa panga, kimya, wala hakusema tena neno mwizi. Aliangalia vichakani, nami nikajua anachotafuta, lakini hatukuona kitu. Waya hauchagui. Sheria inakataza kuwinda jike mwenye mimba au mwenye mtoto, lakini waya haujui kusoma.

Huko Marekani kuna mambo yanayofanana na haya. Mwanzoni mwa msimu, Septemba, wawindaji wengi hukaa juu ya miti ukingoni mwa mashamba ya soya, na mishale mikononi, wakiwangoja paa wanaokuja kula majani. Wengine hupanda shamba dogo makusudi ili mnyama avutwe. Na yapo majimbo yanayokataza kumwaga mahindi kama chambo, lakini yanaruhusu kulima shamba la kumvutia mnyama yuleyule. Mzungu yule angalau hasemi ameibiwa. Anajua alichopanda ni chambo. Sisi hatukupanda chambo, lakini katika nchi iliyokauka, kinyungu kimekuwa chambo bila sisi kukusudia, na anayekifuata tunamshitaki.

Najua kuna kijana wa kijiweni atakayesema: "Acha zako, bwana, wewe mwenyewe unakula nyama choma." Ni kweli, naila, na sijasema nsya asiuawe kamwe. Nasema tusimsingizie. Mtu akitaka nyama, aombe leseni, alenge dume aliye mbele ya macho yake, amuue mara moja, aseme: nimeua kwa sababu nilitaka kula. Akitaka kulinda maharage, aweke ua wa miiba, atundike makopo, afuge mbwa wa kubweka, na sisi wapwa tunaopenda kuandika twende tukalale kibandani kulinda zamu yetu. Na wakubwa wanaotunga kanuni wakumbuke kwamba hata meno madogo humaliza tuta.

Kwa wenzangu mnaojifunza kuandika, nina neno moja. Kazi yetu ni maneno, na tumezoea kudhani kwamba neno baya linaumiza mtu tu. Pale stendi nimeona neno likiokota mawe, na pale bondeni nimeliona likifunga waya. Mjomba amekwishaufungua ule waya. Hakuniambia kwa nini, nami sikumuuliza. Maharage bado yanaliwa, na swali lake kwamba yeye ni wa nani bado halijapata wa kulijibu.