Pochi Ilipatikana

Agosti 2018, katika shule moja ya msingi mjini Bukoba, mwalimu aliteremka kwenye bodaboda, na mvulana wa darasa la tano mwenye miaka 13 akampokea mizigo. Baadaye pochi ya mwalimu haikuonekana. Aliyeshukiwa ni yule yule aliyemsaidia. Akafikishwa kwa mwalimu wa nidhamu, na kipigo alichokipata huko kikamtoa uhai.

Pochi haikuwa imeibwa. Ilisahaulika kwenye bodaboda, na dereva akairudisha. Machi 2019, Mahakama Kuu mjini Bukoba ikamhukumu mwalimu yule wa nidhamu kunyongwa. Mtoto kazikwa, mwalimu kahukumiwa, na familia mbili zimebaki na msiba.

Wengi wetu tunapotetea fimbo hukimbilia methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini methali hiyo yamhusu mwana aliyekosa. Haimpi mtu ruhusa ya kumpiga mtoto ili akiri kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha. Mtoto akizidiwa na maumivu atakiri lolote. Na asipokiri, tunamwita sugu na kumwongezea.

Kanuni za Tanzania zinaruhusu viboko, ila kwa masharti: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni pamoja na sababu yake. Kitabu hicho walimu wengi hukiona usumbufu. Kumbe anayelazimika kukaa, kushika kalamu na kujaza kosa la mwanafunzi, hasira humpungua. Na siku ile, mwenye kujaza kwa haki angeandika neno moja tu: anashukiwa. Kenya haikutaka hata masharti hayo. Sheria yake ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku viboko shuleni.

Funzo ni hili. Kitu kikipotea, kitafutwe kwanza: aulizwe dereva, aulizwe mlinzi, aitwe mzazi. Mzazi naye aache kumwambia mwalimu, "Huyu ni wako, mchape tu." Na walimu waliomo ofisini wasijifanye kusahihisha madaftari wakati mwenzao amepandwa na hasira. Wamshike mkono kabla ya fimbo ya pili.