Fundi, Ulijua?



Nimeombwa niandike juu ya kazi ya mikono, na hasa kazi ambayo vijana wetu wengi wanaitamani, yaani kuchomelea vyuma. Siandiki kama mwalimu, maana sikupita chuo chochote. Tulipofika hapa Nakivale nilisimama miezi mingi kando ya kibanda cha fundi mmoja pale Base Camp. Nilimshikia vyuma, nilimfagilia, nilimchotea maji. Jioni, kama jenereta ilikuwa bado na mafuta kidogo, alinipa vipande vilivyobaki nijaribu. Hicho ndicho chuo changu.

Hakuna aibu katika kujifunza hivyo. Katika 1 Samweli sura ya 13 tunasoma habari za taifa zima lililokosa mhunzi. Mtu akitaka kunoa jembe lake, ilimbidi ateremke kwa Wafilisti, akalipe. Sisi tuliokimbia tunaelewa jambo hilo vizuri. Watu wasio na fundi wao hubaki wakiomba kwa wengine hata kitu kidogo. Kwa hiyo kijana anayeshika rodi bila ada ya chuo anafanya jambo jema kwa nyumba yake na kwa jirani zake.

Lakini lipo swali lililonisumbua, nalo ndilo ninalotaka tulitafakari pamoja. Je, mtu ambaye bado anajifunza, na hana wa kumpima, ana haki ya kuuza kazi yake? Na kazi ile ikivunjika, kosa ni la nani?

Katika mwaka wangu wa kwanza mama mmoja aliniletea baiskeli. Keria ilikuwa imekatika. Kwa keria hiyo alibeba jerikeni za maji, na siku nyingine mtoto wake alikaa juu yake. Mafundi wakubwa walimwambia bei iliyomshinda. Mimi nilimwambia nusu ya bei ile, naye akafurahi. Nilichomelea, nikapiga grenda mpaka mshono ukalainika, nikapaka rangi nyeusi. Ilipendeza. Siku ya tatu, kwenye mteremko, keria ilikatika pale pale. Mtoto alikuwa juu yake. Alivunjika mkono.

Yule mama alirudi na baiskeli akiisukuma. Hakunitukana. Aliniuliza neno moja tu: "Fundi, ulijua?"

Nilimjibu kwamba sikujua. Nilirudisha pesa, nikachangia safari za hospitali, na fundi wangu akaitengeneza ile keria upya mbele yangu. Lakini swali halikuniacha. Ni kweli sikujua. Ila kwa nini sikujua?

Ndugu zangu, mshono wa chuma unaweza kudanganya macho. Rodi ni kifimbo cha chuma kilichopakwa unga mgumu. Umeme ukiruka kati ya rodi na kazi, chuma huyeyuka kwa joto la nyuzi kama 1,500, na ule unga huyeyuka pia, ukafanya gamba linalofunika mshono usiharibiwe na hewa. Moto wa mashine ukiwa mdogo mno, au kutu haikuondolewa, chuma cha rodi hukaa juu ya kazi kama uji juu ya jani la mgomba. Kinaonekana kimeshika, kumbe hakikuingia. Moto ukiwa mkubwa mno kwenye bomba jembamba, unatoboa. Mimi niliogopa kutoboa, nikapunguza moto. Kisha grenda ikaondoa dalili, na rangi ikafunika yaliyobaki.

Basi ningeweza kujua. Fundi wangu alikuwa ameshanionyesha njia. Chukua vipande viwili vya chuma kilekile, uviunge upande mmoja, uvibane, kisha uvipige kwa nyundo mpaka vikubali kupinda au kuvunjika. Chuma kikipinda au kikichanika pembeni ya mshono, umeunga. Mshono wenyewe ukifunguka, na ndani ukaona matundu na takataka nyeusi, hukuunga. Kipimo hicho hakihitaji cheti. Kinahitaji kipande kimoja cha rodi na robo saa. Sikukifanya, kwa sababu ndani ya moyo niliogopa jibu. Nilikuwa na njaa ya ile pesa. Asiyejua anaweza kuwa na udhuru. Asiyetaka kujua hana.

Najua majibu tunayojipa, maana nami nilijipa. La kwanza ni kwamba mteja aliona mimi ni mwanafunzi, akakubali kwa sababu ya bei, kwa hiyo tulipatana. Ni kweli, mimi na yule mama tulipatana. Lakini mtoto hakuwepo kwenye mapatano. Hakuna aliyemwuliza kama anakubali kukaa juu ya keria ya nusu bei. Umaskini wangu na umaskini wa mama yake vilikubaliana, na mzigo ukamwangukia wa tatu.

Sheria ya zamani ilimjali huyo wa tatu. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kwenye dari, asije akajiletea hatia ya damu mtu akianguka kutoka juu. Angalieni, aya ile haiulizi kama mgeni alilipa, wala kama mwenye nyumba ni tajiri au ni maskini, wala alijifunza kujenga kwa nani. Inamtazama yule atakayepanda juu bila kujua jinsi nyumba ilivyojengwa.

Jibu la pili ni kwamba wenye vyeti nao hukosea. Hilo nalo ni kweli. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, meli mpya ya mafuta iliyoitwa Schenectady ilipasuka katikati ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Marekani, maji yametulia, nayo ilikuwa imetoka tu kujaribiwa baharini. Siku zile viwanda vya meli viliajiri maelfu ya wanawake na wanaume ambao hawakuwahi kushika rodi, wakafundishwa kwa haraka ya vita. Wachunguzi walitaja mishono mibaya. Baadaye wataalamu walionyesha kwamba chuma chenyewe kilikuwa chepesi kuvunjika kwenye baridi, na kwamba miundo yenye pembe kali ilizidisha hatari. Walipata kujua hayo kwa kukagua vilivyovunjika, si kwa kupaka rangi. Kosa la mwenye cheti, basi, halinipunguzii mimi wajibu. Linanifundisha kwamba cheti nacho hakitoshi bila kupima.

Basi kijana aache kazi mpaka apate chuo? Sisemi hivyo. Wengi hawatakipata, na watoto wanataka kula leo. Nasema achague kazi kwa kuuliza swali moja: hiki kikivunjika, nani ataumia? Banda la kuku likiachia, utalirudia kesho. Fremu ya meza ndogo, jiko la mkaa, bawaba ya mlango wa choo, hizo ni kazi za kuanzia. Keria inayobeba mtoto, uma wa baiskeli, fremu ya pikipiki ya bodaboda, ngazi, mnara wa tanki la maji, hizo usiziguse peke yako. Mpelekee aliyekutangulia, umshikie, upate sehemu yako ndogo. Na tangi au pipa lililowahi kuwa na petroli usilichomelee kabisa hata kama linaonekana limekauka, maana mvuke uliobaki hulipuka.

Tena mwambie mteja ukweli kabla ya pesa: "Mama, hii sijaifanya bado. Hii naiweza." Utapoteza kazi kadhaa. Mimi nimezipoteza. Lakini wale niliowaambia siwezi ndio waliorudi na kazi ninazoziweza.

Yupo wa tatu mwingine tunayemsahau. Mwanga wa kuchomelea huwavuta watoto, nao husimama kutazama. Fundi ana kioo cheusi, wao hawana. Jioni macho huwasha kana kwamba yamejaa mchanga, na mama hajui ni kwa nini. Weka pazia la turubai, uwafukuze kwa upole, na macho yakiuma mpeleke mtoto kituo cha afya. Mabati yaliyopakwa zinki yasichomelewe ndani ya kibanda, kwa kuwa moshi wake huleta homa usiku. Na mwaka 2017 wataalamu wa kimataifa wa saratani waliuweka moshi wa kuchomelea miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fanyeni kazi mahali penye upepo.

Kwa walio na nafasi, hapa Uganda upo utaratibu wa kumpima kwa vitendo mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Ulizieni. Ila cheti kisipokuja, nyundo ipo.

Yule mtoto sasa amekuwa mkubwa, anasoma. Mkono wake wa kushoto haunyooki kabisa. Akipita mbele ya kibanda ananiamkia, "Jambo, fundi," nami namwitikia. Hajui kwamba kila nikichukua brashi ya rangi namkumbuka, nairudisha chini, nakwenda kwanza kuipiga ile kazi kwa nyundo.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.

Ni mimi ndugu yenu, fundi wa kujifunzia.