Anayekerwa Anunue Hedifoni?

Mkutano wa mtaa wetu wiki hii ulifika kwenye suala la baa mpya. Bibi mmoja anayelea mjukuu mchanga alisimama, akaeleza kwamba muziki unaanza jioni na kunyamaza alfajiri. Kabla hajamaliza, kijana mmoja akadakia kutoka nyuma: "Bibi, siku hizi kuna hedifoni za kuua kelele. Nunua, ulale!" Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, kisha tukahamia kwenye ada ya taka.

Mimi sikucheka, na jambo hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Hedifoni hizo ninazo, zile kubwa za kufunika sikio lote, na nazipenda kwelikweli. Nikiwa kwenye basi la Dodoma nikaziwasha, mngurumo wa injini unadidimia, naweza kusikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya chini bila kuyaumiza masikio. Maikrofoni zake ndogo huidaka kelele ya nje, kisha hedifoni yenyewe hutoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili hufutana. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya wazo hilo Marekani mwaka 1936. Amar Bose alianza kulifikiria la kwake mwaka 1978 akiwa kwenye ndege kutoka Zurich, na kufikia 1989 kampuni yake ilikuwa inawauzia marubani hedifoni za aina hiyo.

Marubani, jamani. Kifaa hiki kimezaliwa kwenye injini, na adui kinayemmudu ni sauti nzito isiyobadilika: ndege, feni, kiyoyozi, jenereta la jirani. Konda akigonga bodi, honi ikilia ghafla, mhubiri wa kituoni akipandisha sauti, vyote vinapenya. Besi ya baa itapungua, sikatai, lakini dirisha litaendelea kutetemeka na kifua kitaendelea kudundwa. Halafu nani analala na dude lile kichwani? Ukijigeuza ubavu linakubana sikio. Kwa joto letu la Dar, jasho linajaa chini ya ngozi bandia ya mito yake mpaka siku moja inaanza kubanduka vipande vipande.

Na bei je? Sony WH-1000XM5 ziliingia sokoni mwaka 2022 kwa takribani dola 400 za Marekani. Piga mwenyewe hesabu ya shilingi, halafu umtajie bibi. Zipo za bei poa Kariakoo, boksi limeandikwa maneno yaleyale, ila nyingi ukizivaa unagundua kinachozuia kelele ni sponji tu.

Najua nitaambiwa mjini ndivyo kulivyo, anayetaka utulivu arudi kijijini. Nitaambiwa pia baa inalipa kodi na imewapa vijana ajira. Sawa, ajira nazitaka, na bia yenyewe nainywa. Ila niambieni, mhudumu atakosa mshahara kwa sababu spika zimegeuzwa ndani na sauti imeshushwa usiku?

Tena tuseme bibi ameshushiwa hedifoni bora kuliko zote duniani, bure. Azivae, halafu mtoto akipaliwa usiku nani atasikia? Mlango ukisukumwa? Waya ukianza kuungua darini? Mle ndani hakuna anayeyahitaji masikio yake usiku kuliko yeye, na ndiye tunayemwambia ayazibe. Huyo mjukuu naye tumvike zipi?

Tanzania tuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na zinambana anayetoa kelele. Hakuna mahali zinapomtaka jirani akajinunulie kinga. Mwenyekiti anazijua, au kazi yake inamtaka azijue.

Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma kando ya jenereta, msafiri wa mabasi ya mikoani, mhasibu aliyebanwa chini ya kiyoyozi kizee, hao nawashauri wanunue, wakiweza zenye mito ya kubadilishwa. Barabarani wazivue, maana bodaboda haisubiri. Bibi yetu asinunue chochote. Aandike malalamiko, apeleke ofisi ya mtaa, adai nakala yenye mhuri, na sisi tuliokuwepo mkutanoni tuweke sahihi zetu chini ya yake, kijana wa nyuma akiwemo.