KORBANI NA TIKETI YA NDEGE

Somo: Marko 7:9-13, na Zaburi 84

Tumeombwa kuandika neno kwa wazazi, kwa kuwa wakati wa kufungua masomo umekaribia. Tungaliweza kuandika juu ya watoto wasiosikia. Lakini tumeona ni vizuri kuanza na mzazi asiyesikia, na mzazi huyo ni sisi wenyewe tunaoandika maneno haya.

Hapa Lubumbashi nyumba yetu iko upande wa Luano, kule ndege zinakotua. Kila siku zinapita juu ya mabati yetu. Watoto wadogo wanaacha mchezo na kuinua macho, na baba yao vilevile anaacha kazi na kuinua macho. Tuna miaka 47, bibi mmoja na watoto 6, na hatujapanda ndege hata mara moja. Tangu ujana tumeitamani. Tulipokuwa shuleni tulijua kwa moyo majina ya ndege za Air Zaïre, kampani ile iliyozaliwa mwaka wa 1961 kwa jina la Air Congo, ikabadilishwa jina mwaka wa 1971, ikafa mwaka wa 1995. Ilikufa kabla hatujapata feza ya kuipanda.

Je, kutamani ndege ni zambi? Wengine wanahubiri hivyo. Sisi hatuwezi kusema hivyo. Katika Zaburi ya 55 Daudi aliyeteswa alitaka kuwa na mabawa kama ya njiwa aruke aende mbali, na hatusomi mahali popote kwamba Mungu alimkemea kwa ajili ya neno lile. Tena inchi yetu si ya kuchekea mtu anayetamani ndege. Toka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1500 kwa njia ya hewa, na hakuna barabara moja nzuri inayofika kule. Asiye na feza anapanda gari la moshi mpaka Ilebo, na kutoka pale anatafuta mashua ya kushuka mto Kasai. Tunawajua wazee waliotumia majuma matatu njiani. Kwa ndege ni saa mbili na kitu. Mama mgonjwa, mwanafunzi, mfanya biashara, mtumishi wa kanisa, wote wanajua tofauti ya majuma matatu na saa mbili.

Ndiyo maana kila mara kampani mpya inapozaliwa, mji wote unasema: sasa bei itashuka. Tulisema hivyo mwaka wa 2015 Congo Airways ilipoanza kuruka. Tulisema hivyo tena mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2024, ndege za Air Congo mpya zilipoanza. Wafanya biashara wetu wanaokwenda kununua vitu Dar es Salaam walitueleza zamani habari za kampani moja iitwayo fastjet. Ilianza kule Tanzania mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2012, na kiti cha kwenda Mwanza kilianzia shilingi 32,000, kodi mbali. Tulisikia kama watu wanaosimuliwa habari za Kanaani. (Kampani ile iliacha kuruka Tanzania mwishoni mwa mwaka wa 2018. Hata Kanaani iliona njaa.)

Ni vizuri mwamini afahamu bei ya chini inatoka wapi, asidhani ni huruma. Desturi hii ilipata nguvu Marekani, kwa kampani ya Southwest iliyoanza kuruka mwaka wa 1971. Wanatumia aina moja ya ndege, ili mafundi wajifunze kitu kimoja na vipuri viwe vya namna moja. Ndege haikai chini: inashusha watu, inapandisha wengine, inaondoka. Na wengi waliofuata desturi hii waliongeza yao: chakula unanunua, mzigo unalipia mbali. Kiti si bei moja: anayenunua mapema analipa kidogo, anayekuja nyuma analipa sana. Na tiketi ya bei ya chini, ukiacha safari, feza yako hairudi, au inarudi imekatwa. Shika neno hili la mwisho, maana ndilo lililotupata.

Kwetu Kongo ni vigumu bei kushuka hivyo. Ndege ni chache, mafuta ni ghali, na kodi ni nyingi. Go-Pass peke yake, ilipoanzishwa mwaka wa 2009, ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya inje. Tena kuna habari ya usalama: tangu mwaka wa 2006 kampani za inchi yetu zimekatazwa kuruka Ulaya, na wengi wetu tunakumbuka tarehe 15 mwezi wa nne mwaka wa 2008, ndege ilipoangukia mtaa wa Birere pale Goma na kuua hata watu waliokuwa chini wakiuza na kununua. Lakini mtu mwenye tamaa hahesabu hayo. Sisi hatukuyahesabu.

Sasa tusimulie.

Mwaka wa 2023 tulikuwa katika likelemba ya watu 10, kila mmoja dola 30 kwa mwezi. Zamu yetu ilifika mwezi wa nane. Dola 300 mkononi, siku ya juma mosi. Siku ileile tulipita mbele ya agansi moja mjini na kuona karatasi imebandikwa: Lubumbashi–Kinshasa, kwenda na kurudi, dola 280, viti vichache. Tuliingia kuuliza tu. Ndugu zangu, hakuna neno lenye hatari kama hili la kuuliza tu. Tulitoka na tiketi ndani ya bahasha.

Njiani kurudi nyumbani tulianza kutafuta sababu. Nayo ilikuja mbio, tena sababu takatifu: tarehe 12 mwezi wa kumi tunakumbuka kufa kwa Papa Simon Kimbangu, na safari yetu ingeangukia siku zile. Basi tutakwenda Nkamba! Tutapanda ndege mpaka Kinshasa, kisha gari mpaka Mbanza-Ngungu, kisha vilima. Tulipofika mlangoni tulikuwa tumekwisha kuamini sisi wenyewe kwamba tulinunua tiketi kwa ajili ya Mungu.

Tulimwonyesha mama wa watoto ile bahasha. Alifuta mikono, kwa kuwa alikuwa akipima unga wa kuuza, akasoma tarehe na bei. Halafu akatuuliza hivi: "Baba Esta, ni Nkamba unayotaka, ao ni ndege?"

Tulikosa jibu. Tulisema maneno mengi juu ya sala na baraka, lakini jibu hatukulitoa. Naye hakuuliza tena. Alipika bukari na lengalenga kama siku zote. Kwa siku tatu hakusema nasi isipokuwa maneno ya lazima, na nyumba yenye watoto 6 ilikuwa kimya kama nyumba ya matanga.

Mjue kwamba mtoto wetu wa kwanza, Esta, alikuwa akiingia mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa egzame ya Leta. Shule ya msingi serikali ilisema ni bure tangu mwaka wa 2019, lakini sekondari tunalipa. Likelemba ile tuliiingia kwa ajili yake. Tulimwambia hivyo mbele ya mama yake, mwaka mzima kabla. Mwezi wa tisa ulipofika tulikuwa na dola 20 zilizobaki. Tulimwambia avumilie, tutapata. Juma la tatu walimfukuza pamoja na wengine wasiolipa. Tulimkuta nyumbani saa nne asubuhi, anafua sare yake ya shule ili ikauke tayari kwa siku watakayomruhusu kurudi.

Usiku ule tulifungua Biblia tupate kitulizo, na badala ya kitulizo tukakuta Marko sura ya saba. Bwana Yesu anawakemea waandishi kwa ajili ya neno Korbani. Mtu aliyetakiwa kumsaidia baba yake na mama yake alisema: kitu hiki ni Korbani, ni sadaka ya Mungu, siwezi kukupa. Kwa njia hiyo alimwacha mzazi na njaa na kuonekana mtakatifu. Angalieni ujanja wake. Hakusema ni kitu changu, nakipenda. Alitia jina la Mungu juu yake, na nani atabishana na Mungu?

Sisi tulifanya lilelile, ila tuligeuza. Wale waliwanyima wazazi, sisi tulimnyima mtoto. Tamaa yetu ilikuwa ya kukaa karibu na dirisha na kuona mawingu kwa chini. Kama tungemwambia mama Esta hivyo, angeweza kucheka, angeweza kukataa, angeweza hata kusema ngoja mwaka kesho. Lakini tuliiandika juu yake Nkamba, tukamfunga kinywa. Yeye ni mwamini kuliko sisi. Angewezaje kukataa Nkamba?

Papa Simon Kimbangu mwenyewe aliletwa mji wetu huu akiwa mfungwa, baada ya hukumu ya mwezi wa kumi mwaka wa 1921. Wakati ule mji uliitwa Elisabethville. Alikaa gerezani miaka 30 na akafa humu tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka wa 1951. Miaka ile yote alikuwa mbali na bibi yake na watoto wake kwa sababu walimzuia. Sisi hatukuzuiliwa na mtu. Watoto wetu walikuwa chumba cha pili. Na tulitaka kutumia siku ya kumkumbuka yeye kuwa kifuniko cha bahasha yetu.

Asubuhi tulirudi agansi. Hatutataja jina, wala hawakutukosea, masharti yalikuwa yameandikwa nyuma kwa herufi ndogo. Walikata dola 120, wakaturudishia 160. Tulikwenda moja kwa moja shuleni na kulipa. Esta alikuwa amepoteza siku 9 za masomo, akanakili madaftari ya wenzake usiku kwa taa ya mafuta, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika mtaani. Dola 120 zilipotea kabisa. Tulirudi katika likelemba tukiwa na aibu, maana watu wote walikwisha kujua.

Neno hili hatuliandiki kwa wenye makosa kama letu peke yao. Kuna la kanisa zima. Kwa nini shemasi alitamani kusema amekwenda kwa ndege? Kwa sababu tunawahesabu watu kwa njia waliyofika. Tumeona ndugu anaporudi safari, akiweka kipande cha tiketi katikati ya Biblia, nusu kikionekana inje, na hakiondoi mpaka mwezi wa pili. Tumeona mgeni wa ndege akipewa kiti cha mbele, na mama mzee aliyekuja majuma mawili kwa gari la moshi na mashua akipewa nafasi karibu na mlango, miguu imevimba. Katika Matendo sura ya 20 Paulo aliwaacha wenzake wapande merikebu, yeye akakata shauri kwenda Aso kwa miguu. Alipofika hatusomi kwamba walimdharau.

Wazazi wanaopanda ndege kwa kazi au kwa ugonjwa, hatuwasemi ninyi. Pandeni kwa amani. Na wewe unayeitamani tu, kama sisi, usifiche. Mwambie mwenzako wa nyumba kwa jina lake la kweli: nataka kupanda ndege. Usiseme ni kazi ya Bwana. Hesabu gharama mbele yake, kama yule wa Luka sura ya 14 aliyetaka kujenga mnara. Weka kwanza masomo, chakula, nyumba na dawa. Kitakachobaki mkikubaliana wawili, hakuna shemasi atakayewashitaki.

Zaburi ya 84 ni zaburi ya mtu anayetamani kufika nyumba ya Mungu mpaka nafsi yake inazimia. Tuliisoma mara nyingi kama zaburi ya safari. Hatukuona kwamba ndani yake yumo ndege mwenye mabawa, na habari anayosifiwa si kuruka kwake. Amepata mahali pa kuweka makinda yake karibu na mazabahu. Tunaona haya kusema kwamba tulihitaji kupoteza dola 120 ili tusome mstari ule.

Mwisho wa mwaka ule wa masomo Esta alipata diploma yake. Jioni moja, ndege ilipopita juu ya nyumba, alituuliza: "Baba, ndani kunakuwaje?" Tulisema hatujui. Akasema: "Mimi pia nataka kujua." Mdogo wake akasema naye anataka, na yule wa nne pia. Mama yao alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa, akasema: "Hata mimi. Ni nani aliyewaambia sitaki?" Miaka 22 ya ndoa, na hatukuwa tumemuuliza.

Siku ya Mungu iliyofuata alileta kopo la maziwa tupu, akalitoboa juu kwa kisu. Ndani kunaingia kile kinachobaki, baada ya shule na fungu la kumi, kwa kukubaliana sisi wote. Mwezi mwingine hakiingii kitu. Mtoto wa sita ndiye anayehesabu, na ameandika juu ya karatasi majina ya sisi 8, kwa zamu. La mama liko la kwanza. Letu ni la mwisho, na tumekubali. Mwezi uliopita kulikuwa na dola 65 na franka kidogo.