Mwenye Nyumba Asiyesimama

Mwezi huu twataka kuuliza swali moja ambalo watu wengi hulinyamazia kwa haya. Swali ndilo hili: Mtu akivunjika mgongo, akawa hawezi tena kusimama wala kutembea, je, yu mwenye nyumba yake bado? Au amekuwa kama mgeni, wa kulishwa na kufunikwa tu? Tafadhali msijibu upesi. Sisi tulijibu upesi, tukaona haya baadaye, na kwa sababu hiyo twaandika.

Kijijini kwetu, hapa Bonde katika wilaya ya Muheza, yuko jirani yetu mmoja aliyekuwa mkwezi wa minazi tangu ujana wake. Siku moja, mvua ikiwa imeacha kunyesha, mguu wake uliteleza juu ya mnazi, akaanguka. Hakufa. Waganga wa hospitali waliona ya kuwa mifupa ya mgongo imevunjika chini ya kifua, na uti uliomo ndani yake umeharibika. Uti huo ndio njia ya habari baina ya ubongo na viungo, nao ukikatika hauungi kama mfupa uungavyo. Basi miguu yake ikafa ganzi, haisikii moto wala mwiba, na haja zake zikawa haziji kwa amri yake. Baada ya miezi kadhaa akarudishwa nyumbani kwa mkewe na watoto wao wanne.

Nyumba ile ilimpenda. Twalisema neno hili mapema, mtu asije akadhani ya kuwa twaeleza habari za watu wabaya. Mkewe alimwogesha, akamlisha, akamgeuza usiku. Kitanda chake kiliwekwa chumba cha nyuma, mbali na makelele, apate kupumzika. Mwana wao wa kwanza, kijana wa miaka 18, akaacha masomo yake ya useremala, akashika shamba. Wageni walipobisha hodi walipokewa barazani, wakaambiwa, "Baba amelala." Hata siku moja akaja mnunuzi wa machungwa. Kijana akapatana naye bei ya matunda ya miti yote, akapokea fedha. Baba alizisikia sauti zao ukutani. Alijua ya kuwa bei ile ni ndogo, maana miaka mingi yeye mwenyewe ndiye aliyefanya biashara na mtu yule. Hakuna aliyemwuliza. Akaugeuza uso wake ukutani, akakataa chakula siku mbili.

Mama akatujia analia. Nasi tukaenda, na twakiri ya kuwa tulikwenda na maneno ya kumwonya juu ya shukrani. Tukamwambia, "Bwana, tazama mkeo anavyochoka kwa ajili yako, na mwanao alivyoacha masomo yake. Yafaa ukubali chakula chao kwa moyo mweupe." Akatusikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, miguu yangu ilikufa nami ningali hai. Lakini humu nyumbani mmenizika pamoja nayo." Tukakosa la kujibu. Tukaaga, tukarudi kwetu tukiyafikiri maneno yale.

Katika kufikiri tuliona ya kuwa watu huchanganya mambo mawili, yaani kumtunza mtu na kushika mahali pake. Kumtunza ni kumfanyia lile asiloweza. Kushika mahali pake ni kumfanyia hata lile aliwezalo. La kwanza ni upendo. La pili lafanana na upendo sana, hata huazima nguo zake, lakini mwisho wake ni kumnyang'anya mtu. Jirani yetu hakuweza kwenda shambani, lakini kujua bei ya machungwa aliweza. Miguu ilichukuliwa na mnazi. Sauti ilichukuliwa na jamaa zake, wala hawakujua.

Mtu atasema, "Mgonjwa aachwe apumzike, asisumbuliwe na mashauri." Neno hili ni jema kwa mgonjwa. Lakini mgonjwa hungojea kupona, na jirani yetu alikuwa amekwisha pona jeraha lake. Hali aliyo nayo sasa ndiyo maisha yake. Kumpumzisha mtu miezi mitatu ni huruma. Kumpumzisha miaka thelathini ni kifungo.

Mwingine atasema, "Atoaye jasho ndiye atoaye amri." Basi na tutazame desturi zetu wenyewe. Ukizuka ugomvi wa mpaka wa shamba, twamwita babu aliye mkongwe, tena huchukuliwa kitini akashindwa kutembea. Hatumwulizi aweza kulima hatua ngapi. Twataka akumbuke, apime, aseme, maana penye wazee haliharibiki neno. Ikiwa uzee haumwondolei babu ubabu wake, kwa nini anguko limwondolee baba ubaba wake?

Tena yako mambo yaliyotukia mbali yatupasayo kuyajua. Zamani, askari waliovunjika uti wa mgongo vitani walilazwa tu, na wengi wakafa kwa vidonda vya kulalia na kwa maradhi ya figo. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, daktari mmoja aitwaye Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani mwaka 1939, alikataa desturi ile. Akaamuru wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana. Tena akawataka wafanye kazi za mikono na michezo. Tarehe 29 Julai 1948 askari 16 wakashindana hapo kwa upinde na mishale, wakikaa katika viti vya magurudumu, na kutoka kwa shindano lile dogo yametoka mashindano makubwa ya Paralimpiki. Daktari yule alitambua ya kuwa mwili huponywa kwa kugeuzwa, na mtu huponywa kwa kuhitajiwa.

Tulirudi nyumbani kwa jirani yetu kuomba radhi, tukiwa pamoja na kaka yake mkubwa. Baraza likakaa kando ya kitanda chake. Mwana akasema, "Baba, nilidhani nakupunguzia mzigo." Baba akajibu, "Mwanangu, mzigo ule ndio ulionifanya kuwa baba yako." Ndipo mama naye akasema neno ambalo hatukulitazamia: "Nyote mwanisifu kwa uvumilivu, kisha mwaenda kulala. Mimi tangu arudi sijapata usingizi wa usiku mmoja."

Wasomaji wetu, tuliinamisha vichwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wote twakumbuka habari ya yule mwenye kupooza aliyeteremshwa na wenzake katika dari. Waliomchukua walikuwa wanne. Sisi tulimwachia mwanamke mmoja kazi ya wanne, tukamlipa sifa.

Basi yakafanywa mapatano. Kitanda kikahamishwa chumba cha mbele, karibu na dirisha la barazani. Kizingiti kikavunjwa, udongo ukashindiliwa uwe mteremko, kiti cha magurudumu kipite. Kaka yake akatwaa usiku mbili za kila juma, na majirani wakagawana kuteka maji. Watoto wakafundishwa kuitazama ngozi ya baba kila siku, maana kidonda asichokisikia chaweza kufika mfupani. Na kuyajaribu maji ya kuoga kwa mkono usikiao, yasimwunguze. Naye akajizoeza kujiinua kwa mikono yake kila robo saa akiwa kitini, anywe maji ya kutosha, na kuutunza kwa usafi mpira wa kutolea mkojo.

Lakini haki haina upande mmoja. Ikiwa jamaa walipaswa kumrudishia sauti yake, yeye naye alipaswa kuacha kiburi. Alipoambiwa ya kuwa aweza kusuka makuti akiwa amekaa, alikasirika, akasema hiyo ni kazi ya wanawake. Majuma mengi yakapita. Kisha asubuhi moja mkewe alikuta kuti moja limesukwa vibaya chini ya kitanda, limefichwa. Hakusema neno. Siku hizi makuti ya nyumba ile huuzwa, na machungwa huuzwa kwa bei aitajayo mwenyewe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hatusemi ya kuwa mambo yote yamekuwa mepesi. Kijana hakurudi katika masomo yake mwaka ule, na hasara hiyo i pale pale. Ziko siku baba huwa mkali bila sababu, na usiku mwingine hulia. Mama angali amechoka, ingawa si kama kwanza. Upendo haukuurudisha uti wa mgongo. Ulichofanya ni kumrudisha mtu barazani kwake.

Mwaka 2006 mataifa yalipatana juu ya haki za watu wenye ulemavu, na nchi yetu ikauridhia mkataba huo mwaka 2009. Humo imeandikwa heshima ya mtu na uhuru wake wa kujichagulia mambo yake. Ni jambo jema. Lakini mkataba hauingii chumba cha nyuma usipochukuliwa na mtu.

Basi jibu letu ni hili: mwenye nyumba ni yule ambaye nyumba haiwezi kukata shauri bila kumwuliza, awe amesimama au amelala. Nanyi, ndugu zetu, mkimaliza kusoma ukurasa huu, tazameni nyumbani mwenu na kwa jirani. Je, yuko nani chumba cha nyuma? Na ni lini mara ya mwisho alipoulizwa neno, lisilokuwa kama ameshiba?