Elki Hakujaza Fomu

Kule Colorado, Marekani, anayetaka kumwinda elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, kwenye maeneo yanayogombewa, hutuma maombi kufikia mwanzoni mwa Aprili kwa msimu wa vuli. Wataalamu hukadiria kwanza wanyama waliopo, vibali vinapangiwa idadi, ndipo majina yanachaguliwa. Ukikosa, unapewa pointi ya kukusogeza mbele mwakani. Yapo maeneo ambayo watu hukusanya pointi zaidi ya miaka 20.

Hapo najiuliza: kuua kulikopangwa hivyo si kubaya kuliko kwa mwenye njaa aliyekutana na mnyama njiani? Mahakamani, kukusudia huzidisha hatia. Lakini naona hapa kinachopangwa hasa ni mpaka. Mtu aliyeambiwa "bado" miaka kumi mfululizo anajua kabisa kwamba mnyama si mali yake.

Ila tusidanganyane. Kura inaleta haki kati ya mwindaji na mwindaji. Elki hakujaza fomu. Kinga yake ni ile hesabu ya mwanzo tu. Ikichakachuliwa hiyo, basi foleni yote, hata inyooke vipi, ni ya wezi wanaopeana zamu.